Pumzi ya Mpanda Kuta

Jioni ile nilipitia ofisini kwa shemeji yangu kuchukua flashi yenye mchezo wake mpya. Haikuwa safari ya ajabu. Mimi huandikia gazeti uhakiki wa michezo ya video, naye ndiye mkuu wa kampuni iliyotengeneza *Mpanda Kuta*, mchezo ambao watu waliucheza mpaka wakasahau chakula mezani. Toleo la pili lilikuwa lifunguliwe kwa umma kesho yake asubuhi, na aliniahidi kwamba maoni ya mwanzo yatakuwa yangu, kabla ya mhakiki mwingine yeyote.

Ofisi ilikuwa tupu. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na sakafu haijakauka baada ya kupigwa deki. Alinikabidhi flashi mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

"Umekonda, shemeji," nilimwambia.

"Mchezo umenila. Nyama nitarudisha wakishaununua."

"Na mkeo? Siku hizi huji kumwona."

Alitazama viatu vyake. "Nitakuja. Ucheze leo, dada. Ucheze kama unavyocheza siku zote. Usibadilishe kitu."

Nililichukua ombi hilo kama heshima.

Mkewe ni mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Paka, maana tangu utotoni hata akianguka alikuwa akitua kwa miguu. Katika mchezo wa kwanza, kila hatua ya Mpanda Kuta ilikuwa hatua yake: alivaa vazi jeusi lenye vitone ving'aavyo, akaruka, akatambaa, akaning'inia, huku kamera zikimnasa kutoka kila upande. Siku ya mwisho ya kazi ile alivua vazi, akaketi sakafuni, akafumba macho. Hajayafumbua hadi leo. Madaktari walipima kila kinachopimika. Moyo mzima, damu safi, ubongo hauna jeraha. Tulimchukua, tukamlaza kwetu katika chumba cha ndani, ambako mama humgeuza, humchana nywele na kumpaka mafuta miguuni.

Anapumua. Basi.

Nilipowasha kompyuta, mama alichungulia. "Umeleta tena vita vyako vya umeme?"

"Leo ni vya shemeji, mama. Ni kazi."

"Kazi ya kukalia kiti. Punguza sauti, mwenzio amelala."

Mama husema hivyo kila siku, kana kwamba mwenzangu huyo ataamka akitaka chai.

Nikavaa hedifoni, nikashika pedi ya kuchezea. Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Kwanza, picha: ukuta wa mnara ulionekana mkavu kiasi cha kukwaruza vidole. Pili, mwendo: ulikuwa mwepesi kuliko wa toleo la kwanza, hauna kusitasita. Tatu, pumzi. Katika mchezo wa kwanza Mpanda Kuta hakuwa akipumua. Huyu alipumua, karibu kabisa na sikio langu, na kila pumzi iliishia kwa kamluzi kadogo.

Nilikajua kamluzi kale. Paka aliugua pumu utotoni.

Nikavua hedifoni.

Pumzi iliendelea... ikitoka chumba cha ndani. Mwendo uleule. Kamluzi kalekale.

Nikajiambia kwamba shemeji alirekodi sauti ya mkewe zamani, akaitumia. Nilipendezwa, hata macho yakanilowa. Nikavaa hedifoni tena.

Sasa, wasomaji wangu wanaijua desturi yangu. Kabla sijafuata kisa, humuua kwanza mhusika mkuu kwa makusudi: kwa kumwangusha, kisha kwa maji, kisha kwa moto. Uungwana wa mchezo huonekana katika namna unavyokuua. Nimewahi kutaniwa sana kwa hilo. Shemeji mwenyewe huniita Israili.

Nikampandisha mnarani. Ukingoni, miguu yake ikasita. Akageuza shingo na kutazama nyuma, nje ya skrini, niliko mimi. Nikasema moyoni: hapa wamefanya kazi.

Nikabonyeza.

Kishindo nilikisikia mara mbili.

"Mwanangu," mama alinong'ona kutoka ndani. "Njoo uone. Amesogeza mguu."

"Nakuja, mama."

Sikwenda. Desturi ni desturi. Mpanda Kuta alikuwa amesimama upya chini ya mnara, mzima, akinisubiri. Nikampeleka kisimani, nikamzamisha. Alipapasa mawe. Mapovu yakapanda, yakapungua, yakaisha.

Ndani, mtu alikohoa.

"Amekohoa," mama alisema. Alikuwa akilia kwa furaha. "Anarudi huyu. Si nilikuambia atarudi?"

Safari hii nilikwenda.

Mguu wa Paka ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Mto ulikuwa umelowa. Mama alimfuta midomo kwa upindo wa nguo yake, akitabasamu, bila kutazama anachokifuta. Nilikinusa kabla sijakiona: tope. Tope baridi la mahali pasipofika jua.

"Umempa maji, mama?"

"Nimpe maji mtu asiyemeza?"

Nilirudi mbio kwenye kompyuta, nikausimamisha mchezo.

Kimya.

Chumba cha ndani nacho... kimya.

"Mbona hapumui?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo sana. "Mwanangu, mbona hapumui?"

Nikauachia mchezo uendelee. Kamluzi kakarudi, huku na kule, kwa pamoja.

Nilimwongoza Mpanda Kuta kwa ncha za vidole hadi kwenye kibaraza cha jiwe, nikamketisha. Kisha nikapiga simu. Shemeji aliipokea kabla haijaita sawasawa.

"Ulianza na mnara?" aliuliza.

Ndipo nilipoelewa.

"Ulijua."

"Nilishuku tu. Toleo hili kamili hakuna aliyelicheza. Nilitaka mtu aliye karibu na kitanda."

"Mimi ni dada yake."

"Ndiyo maana, dada. Mwingine angecheza tu. Wewe huua kwanza. Nilijaribu mwenyewe. Mkono wangu ulikataa."

"Ukaazima wangu."

Nilimtupia jicho Mpanda Kuta, bado ameketi.

"Nani alimfanyia hivi?"

"Kulikuwa na mtu. Alisema mwendo peke yake haumshiki mchezaji, kinachomshika ni pumzi. Siku ile ya mwisho alikuja, akasimama nyuma ya kamera. Hakuna aliyemwona akiingia wala akitoka. Nilidhani anazungumzia sauti. Haki ya Mungu, nilidhani ni sauti, ndipo nikaiweka katika toleo hili."

"Usiufungue kesho."

"Nikiufuta, yeye atakwenda wapi? Unajua wewe? Mchezo ukiwa hai, naye yu hai."

"Kwa kuuawa na kila mwenye pedi mkononi?"

"Lakini anaanza upya," alinong'ona. "Si umeona? Kila mara anaanza upya."

Alikata simu. Nilipompigia tena, haikupatikana. Haijapatikana tena.

Shemeji huyu alikula kwetu, akalala kwetu, akalia ameushika mkono wa Paka mpaka mama akamhurumia kuliko alivyomhurumia mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliifundisha darasani nilipokuwa mwalimu, kabla ya gazeti. Sikujua kwamba kuna nguo ambayo huwezi kuivua.

Daktari alikuja usiku uleule, akaunga mguu, akatuuliza imekuwaje mgonjwa asiyejigeuza akaanguka. Mama alinitazama. Nikasema sijui.

Kisha nikaandika. Niliweka kila kitu kwa mfuatano wake: pumzi, mnara, kisima, mguu, tope. Sikuomba watu wasiununue. Nawajua wachezaji, ukiwakataza umewaalika. Niliomba kidogo tu. Mkiucheza, mtembezeni chini. Msimpandishe. Akisita ukingoni, msibonyeze. Na mkichoka, mketisheni kibarazani, msiusimamishe.

Mhariri alinijibu papo hapo. "Maridadi," aliandika. "Nywele zimenisimama. Hii itawafanya wapigane kuununua. Mkuu wa kampuni ameisoma, ameomba tuiweke ukurasa wa mbele."

Kukakucha. Nilikuwa bado nimeshika pedi, na Mpanda Kuta bado ameketi kibarazani pake, anapumua taratibu. Kwangu alikuwa salama. Kwangu tu.

Saa ya ufunguzi ikafika.

"Mwanangu," mama aliita, na safari hii hakukuwa na furaha katika sauti yake. "Njoo unisaidie kumshika. Anakunja vidole. Vyote, kwa nguvu... kama mtu anayening'inia mahali."