Nyuzi Nene za Baba

"Dada! Dada wee, hilo gitaa siyo fagio!"

Sauti hiyo ilipenya kelele zote za ushoroba wa mafundi, mahali ambapo kila mwenye redio anaijaribu kwa wakati mmoja na mwenzake. Aliyeitwa alikuwa na gauni la njano na raba nyeupe. Alikuwa ameegemeza gitaa la umeme ukutani, kwenye jua kali, huku akitafuta simu mkobani. Aligeuka akiwa amekunja uso.

"Unamfokea nani?"

"Wewe. Gitaa la zamani hivyo unalianika kama shuka? Shingo itapinda."

"Ni la baba yangu, siyo la baba yako."

"Basi mpe pole baba yako."

Watu wakacheka. Dada mwenyewe akataka kununa, kicheko kikamponyoka, maana yule kaka mrefu mwenye aproni ya jinzi na penseli nyuma ya sikio ndiye fundi magitaa aliyeelekezwa kwake.

Gitaa lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka pale mkono wa mzee ulipokaa miaka yote. Baba alipiga solo kwenye bendi mpaka kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kushoto. Sasa bendi ilikuwa imempa binti nafasi yake, na baba alikuwa na ombi moja tu: kabla hajapanda nalo jukwaani, amsikilizishe gitaa lake nyumbani.

"Nikizungusha kitufe cha sauti linakwaruza kama linakaanga kitu," alieleza binti.

"Vumbi hilo. Nitasafisha vitufe, ninyooshe shingo, niweke nyuzi mpya." Fundi akaona ncha za vidole vya binti. "Na hivi vidole? Mbona vimechanika?"

"Nyuzi za baba nene mno. Nitazoea."

Fundi akavitazama tena, akalipokea gitaa. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Mdomo alikuwa nao, wa kumfokea mtu hadharani alikuwa nao, lakini la maana akalimeza!

Simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Gitaa linapumua. Sijui wewe."

"Mimi siumwi."

"Basi mbona umepiga mara nyingi hivyo leo, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako? Hebu rudia."

Akarudia. Binti alipokwenda kulichukua gitaa lake walikaa kwenye viti vya plastiki dukani hadi mafundi wa jirani wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Siku ya kumsikilizisha baba, sebule ilikuwa imefagiwa na mzee amevaa shati lake la jukwaani, lenye kola pana. Mpiga kinanda wa bendi, aliyekuwa akimtamani binti kimyakimya, naye alikuja. Binti akachomeka waya, akapiga wimbo ule ambao baba yake aliupenda kuliko zote.

"Zima," akasema mzee.

"Baba?"

"Zima, nimesema! Hilo siyo gitaa langu."

Chozi likamtoka mzee, naye akalifuta kwa ule mkono uliobaki mzima. Mpiga kinanda akaona nafasi yake imefika.

"Zimebadilishwa sumaku," akasema. "Zile zinazonasa sauti chini ya nyuzi. Mafundi hawa wananyofoa za asili, wanabandika za bandia. Shemeji yetu amekuliza, dada."

Jamani! Mtu huyo hakushika hata bisibisi. Hakufungua, hakuchungulia, lakini alishahukumu. Na binti, badala ya kuuliza, akalibeba gitaa mbiombio hadi ushorobani.

"Mwizi! Umemwibia mgonjwa! Zirudishe sumaku za baba yangu!"

Redio zikapunguzwa ili umbea usikike vizuri. Fundi akafungua gitaa mbele ya macho yao.

"Hizi hapa. Tazama kutu. Bandia ina kutu ya miaka hiyo?"

"Kutu hata wewe unaweza kuipaka!"

Mteja mmoja aliyekuwa amesimama pale akachukua gitaa lake taratibu, akaondoka nalo. Fundi alimwangalia akiishia, kisha akafunga skrubu na kumkabidhi binti gitaa.

"Toka dukani kwangu."

Hata hivyo jioni alipiga simu. Binti alikuwa chumbani analia, simu ameiacha mezani. Akapokea mzee.

"Nani?"

"Ni yule mwizi, mzee."

"Mwizi gani anapiga simu? Unataka nini?"

"Nataka kujua lilisikikaje."

"Jembamba. Kama mtu anayeongea kwa pua."

Fundi akajipiga kofi la paji la uso. "Mzee, nakuja."

"Njoo na bisibisi."

Alifika na kopo la bati. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za zamani, zimeviringwa vizuri. Fundi huyu hakati uzi wa gitaa la zamani. Huufungua na kuuhifadhi hadi mwenyewe aridhike. Akavua zile nyembamba alizoweka dukani, akarudisha zile nene, kisha akakaza kidogo chuma cha ndani ya shingo, maana nyuzi nene huivuta shingo mbele. Binti alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Piga sasa," fundi akasema bila kumtazama.

Akapiga. Sauti ikatoka nzito, ya kifua. Mzee akafumba macho, mkono wake mzima ukipiga goti.

"Ndiyo mimi huyo," akasema. "Ndiyo mimi."

Binti akaweka gitaa chini, akamgeukia fundi.

"Kwa nini hukuniambia umeweka nyembamba?"

"Vidole vyako vilikuwa vinatoka damu!"

"Ni vidole vyangu! Ungeniuliza!"

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kuniita mwizi!"

"Mmemaliza?" mzee akaingilia. "Binti, ulimwita mwizi wapi?"

"Dukani kwake. Mbele za watu."

"Basi msamaha wake hauombwi sebuleni kwangu."

Kesho yake binti alifika ushorobani na lile gauni la njano, gitaa mgongoni na spika kubwa kwenye toroli. Akafungua sauti hadi mwisho, redio zote zikamezwa. Akashika kipaza sauti.

"Jana nilisimama hapa nikamwita fundi huyu mwizi. Nilikosea. Hakuiba kitu. Nisamehe, fundi!"

Fundi akatoka mbio, ameziba masikio. "Punguza sauti!"

"Sipunguzi! Wakati nakutukana sikupunguza!"

Yule mteja wa jana akajitokeza, gitaa lake kwapani, ameinamisha kichwa. "Fundi, mkimaliza, na langu linakwaruza."

Fundi akampungia mkono asubiri. Akamnyang'anya binti kipaza sauti.

"Na mimi nilibadilisha nyuzi za mtu bila kumuuliza. Sitarudia. Kuanzia leo kila jambo lako nitauliza kwanza. Sasa nauliza, na hawa wote wanasikia: unakubali nikuoe?"

Binti alitazama vidole vyake, ncha zimeanza kukomaa.

"Nakubali," akasema. "Lakini nyuzi zibaki zilezile."