Stika Juu ya Kitufe cha Gesi

Ukimwuliza Lambert ameamkaje, atakujibu, "Niko tu." Ni jibu la mtu aliyechoka, na Lambert amechoka kweli. Anaamka saa kumi na moja alfajiri katika chumba cha familia yake mtaani Bellevue, ndani ya nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba saba. Anachemsha maji ya chai. Anafuta vioo vya gari. Kisha anabeba abiria mpaka jua linazama, siku sita kwa wiki. Siku ya saba anaimba kwaya kanisani, na mara nyingine husinzia akiwa amesimama.

Mkewe, Héritière, anasuka nywele saluni. Anasimama kutwa. Jioni miguu yake huvimba, na wote wawili huketi kitandani wakitazamana kama wagonjwa wa wodi moja.

Lakini walishaona kazi mbaya zaidi. Kabla ya kupata gari, Lambert alikuwa mlinzi wa usiku kwenye lango la ghala kwa miaka sita. Alilala mchana. Mwanawe Gradi alimjua kama mgeni anayekoroma. Gari ndilo lililomtoa langoni. Sare yake ya ulinzi alikatwa mshahara kuinunua, kwa hiyo ilibaki yake. Héritière aliikunja na kuiweka juu ya kabati.

"Tusiitupe," alisema. "Huwezi kujua."

Gari lenyewe ni dogo lakini lina turbo. Turbo ni pampu inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini, ili injini ndogo ipate nguvu. Petroli ilipozidi kupanda bei, Lambert alifungiwa gesi. Mtungi wa duara uliwekwa kwenye buti, mahali pa tairi la akiba. Karibu na usukani kikawekwa kitufe kidogo. Ukikibonyeza, gari linaacha petroli na kutumia gesi. Aliyefanya kazi hiyo ni Hénock, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Hénock ni fundi wa gesi aliyesajiliwa, na alimpa Lambert cheti. Kwa miezi minane gari lilikwenda vizuri.

Shida ilianza na tamaa ndogo. Abiria wa uwanja wa ndege wana masanduku mazito, na mlimani gari lilikuwa linavuta polepole. Lambert akasikia kwamba Damien, mtu wa kwao Uvira, anajua kubadili programu ya kompyuta ya injini. Programu ikibadilishwa, turbo inasukuma hewa zaidi na gari linapata nguvu. Mafundi huiita rimapu.

Hapo Lambert akafanya kosa ambalo sisi wageni wa mji huu tunalifanya sana. Zamani Damien alimwambia, "Siku utataka gesi, kuja kwangu." Lambert akampa kazi Hénock kwa sababu ya kwaya. Sasa aliona haya. Alitaka Damien naye apate kazi yake, asinune, wala asijue kwamba ile nyingine ilikwenda kwa mtu mwingine. Tunagawa kazi kama nyama ya sikukuu. Kila ndugu anapewa fungu lake, na hakuna anayeonyeshwa fungu la mwenzake.

Basi Lambert alizima gesi. Akatandika kapeti kwenye buti. Akachukua stika ya kwaya, akaibandika juu ya kile kitufe. Damien alichomeka waya wa kompyuta yake chini ya usukani, akafanya kazi saa mbili, akalijaribu gari barabarani kwa petroli. Boneti hakuifungua. Gari liliruka kama mbuzi, naye akaridhika. Hénock hakuambiwa neno.

Kwa petroli gari lilikuwa tamu. Kwa gesi lilianza kumsumbua. Kwenye tambarare halikuwa na neno, lakini mlimani lilitetemeka, likakatakata, na taa ya injini ikawaka. Lambert aliazima kifaa cha kuzima taa, akaizima. Ikawaka tena. Akaizima tena. Wiki tatu alifanya mchezo huo, huku akijiambia kwamba gesi ya siku hizi ni mbovu.

Asubuhi moja alimkuta Héritière ameitoa sare ya ulinzi nje na kuianika kwenye kamba.

"Kwa nini unaitoa?" aliuliza.

"Iko nanuka vumbi, Papa Gradi."

Lambert alijua ni zaidi ya vumbi. Mkewe alikuwa ameshasikia gari linavyolia, na ameshaanza kumwandaa kurudi langoni.

Chumba kinachotazamana na chao anakaa Kidawa, mwanamke wa Unguja. Kidawa ni fundi umeme wa magari, na karakana anayofanyia kazi inafunga gesi kwenye magari ya kusambaza mizigo. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa uani akifua. Lambert alipoingia na gari, Kidawa alikausha mikono na kulifuata.

"Baba Gradi, gari lako linakohoa tangu lini?"

"Eish, yaya Kidawa, dada yangu. Iko nachoka kama mimi."

"Gari halichoki. Linaumwa. Hebu twende mlimani nilisikie."

Walipanda kilima cha mtaa wa Observatory kwa petroli. Gari lilipanda bila taabu.

"Sasa washa gesi," Kidawa alisema. "Kitufe kiko wapi?"

Lambert alikuna shingo. Kisha akainua pembe moja ya stika kwa ukucha. Pembe hiyo ilikuwa imelegea kwa kuinuliwa kila siku. Kidawa aliitazama stika, akamtazama na mwenye gari.

"Kwaya imeingiaje kwenye gesi?"

Walipanda mlima ule mara ya pili, na katikati gari likaanza kukatakata. Kidawa alimwambia arudi kwenye petroli mara moja na asimame kando ya barabara.

"Kwa petroli halimisi, kwa gesi linamisi, ndiko huko kukatakata. Kwa hiyo plagi na turbo nisizilaumu kwanza. Niambie, nani ameigusa injini hii baada ya kufungwa gesi?"

Lambert aliibandika tena ile pembe ya stika kwa kidole. Mwishowe alisema yote, habari ya Hénock, ya Damien na ya stika. Aliposema alijisikia mwepesi, na mjinga pia.

Kidawa hakucheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Sikiliza. Gari lako lina kompyuta mbili. Moja ya injini, moja ya gesi. Hénock aliipima ile ya gesi kwa injini kama ilivyokuwa siku ile. Damien akaja, akaongeza hewa. Kwa petroli akaongeza na mafuta, ndiyo maana linakwenda. Upande wa gesi haukuambiwa kitu. Umealika watu mia kwenye harusi, na jikoni wamepika chakula cha watu sitini."

"Na hao wengine?"

"Wengine wanakula injini yako. Hewa ikiwa nyingi na gesi ikiwa kidogo, moto ndani unazidi ukali. Valvu zinaungua. Pistoni inaweza kutoboka. Turbo yenyewe inakaa kwenye njia ya moshi huo wa moto. Ile taa ilikuwa inakwambia, na wewe unaifumbia macho."

"Nimeiua?" Lambert aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijui. Mpaka tupime. Kwa sasa gesi usiiguse, na mafuta ukanyage taratibu. Jumatatu ulete gari karakana, nitaomba nafasi. Na uwalete mafundi wako wote wawili, wakae mahali pamoja."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Baba Gradi."

Lambert alisema baadaye kwamba miaka sita ya langoni haikumchosha kama simu mbili za jioni ile.

Jumatatu walisimama karakana kuzunguka gari, na Lambert akarudia maneno yake mbele yao. Hénock alitazama chini. Damien alikunja mikono.

"Nilikuuliza gari iko na nini ndani," Damien alisema. "Ukaniambia petroli tu."

"Ndiyo, njo vile nilisema. Niliogopa utakasirika."

"Sasa sijakasirika?" Damien alitikisa kichwa. "Kama ingepasuka, watu wangesema ni mukono wa Damien."

"Na wangu," alisema Hénock. "Cheti kiko na jina yangu."

Lambert aliomba msamaha.

Walianza na afya ya injini, kwa sababu injini mbovu haiongezwi nguvu. Walipima mgandamizo wa kila silinda. Tatu zilikuwa nzuri. Ya nne ilikuwa chini kidogo. Wakaingiza kamera nyembamba kwenye tundu la plagi, wakaona ukingo wa valvu umeanza kuungua. Lambert alishika paji la uso. Kidawa alisema bado inafanya kazi, lakini ipimwe tena baada ya mwezi. Namba ikishuka, kichwa cha injini kitafunguliwa.

Kisha ikaja zamu ya petroli, kwani petroli ndiyo msingi, na gesi huifuata. Damien alisema gesi inavumilia presha kubwa ya turbo kuliko petroli, kwa hiyo angeweza hata kuongeza.

"Na siku gesi ikiisha katikati ya mlima?" Kidawa aliuliza. "Gari litarudi kwenye petroli na presha ileile, injini igonge ndani na kuharibika. Weka kiwango ambacho petroli inakimudu."

Damien alifikiri. Akapunguza nguvu aliyokuwa ameiweka, akapima, akaridhika.

Sasa Hénock alijua nguvu ya injini anayoilisha. Alitoa nozeli zinazopuliza gesi, akafunga kubwa zaidi. Akabadilisha na kile kifaa kinachogeuza gesi kutoka majimaji kuwa mvuke, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kidogo kwa nguvu mpya. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama kuna mapovu yanayotoka. Hayakutoka. Akaandika vifaa vipya kwenye karatasi za gari.

Mwisho walipanda mlima wote wanne, Kidawa ameweka kompyuta mapajani. Alilinganisha petroli na gesi, gari likiwa halijakanyagwa mafuta na likiwa limekanyagwa mpaka chini. Hénock alirekebisha, wakapanda tena. Mara ya tano Kidawa alifunga kompyuta.

"Sharp, safi kabisa," alisema. "Sasa kompyuta zote mbili zinaijua injini moja. Ukibadilisha chochote, hata plagi, mwambie kila fundi. Petroli usiiache ikauke, maana gari linawaka kwa petroli mpaka lipate joto. Na ukisikia harufu ya gesi, simama, zima gari, funga valvu ya mtungi, shukeni nyote, mkae mbali."

Lambert aliibandua ile stika. Akaibandika kwenye kioo cha nyuma, mahali inapoonekana.

Mwezi ulipita. Lambert aliendelea kuamka saa kumi na moja, na bado alikuwa amechoka. Ila sasa alipanda mlima na watu wanne na masanduku yao, akasikiliza, asisikie kitu. Usingizi wake ulirudi.

Jumamosi moja Hénock na Damien walikuja pamoja kupima ile silinda ya nne. Walibishana uani juu ya mpira wa miguu huku wakifungua plagi. Héritière alisimama mlangoni, miguu imevimba. Namba ilikuwa ileile. Haikuwa imeshuka.

"Inashika," Hénock alisema. Alitazama mikono yake iliyojaa mafuta. "Mama Gradi, uko na kitambaa ya kupangusa?"

Héritière aliingia ndani. Alirudi na ile sare ya ulinzi na mkasi wake wa saluni.

"Lakini hii iko nzuri bado," alisema Damien.

"Haina kazi," Héritière alijibu. Alikata mkono wa kwanza, akampa Hénock. Kisha akaketi kwenye ngazi na kuanza kukata wa pili.