Pumzi Kabla ya Wimbo

Jengo la vifaa vya umeme lilifurika watu Jumamosi hiyo, kila duka likipiga muziki wake. Mshonaji alipenya katikati ya makelele amevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Akaishia kwenye meza ya fundi mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Sikio.

"Spika ni mpya, lakini mama anasikika kama amefunikwa blanketi," alilalamika.

Mama yake, mwimbaji wa kwaya, alifariki mwaka uliopita. Ulibaki wimbo mmoja tu, uliorekodiwa studio kwa ubora wa hali ya juu.

Sikio akafungua mipangilio. "Rekodi ina sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, elfu tisini na sita kwa sekunde. Kompyuta yako inabakisha elfu nane tu kabla hujasikia kitu. Mama anapunjwa, dada."

Akapandisha kiwango cha kadi ya sauti, kisha akaipanga programu ya muziki ipeleke sauti kwenye kadi moja kwa moja, bila kuchanganywa na milio mingine. Akamvisha hedifoni.

Kabla ya neno la kwanza, mama alivuta pumzi. Mshonaji hakuwahi kuisikia. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye Sikio akajifanya anatafuta bisibisi.

Jioni Sikio alipiga simu. "Mama anaendeleaje?"

"Anakusalimia sana."

Simu zikawa za kila siku.

"Umevaa nini leo, mpenzi?"

"Tepu shingoni, pini mdomoni. Njoo unibusu uone!"

Mwezi wa tatu wa simu hizo, Mshonaji alikwenda dukani kumshtukiza. Kabla hajafika mlangoni akaisikia ile pumzi. Sikio alikuwa akimwonyesha mteja spika, na mteja anasema, "Ongeza besi kidogo."

"Kumbe mama yangu ni tangazo lako?"

"Mpenzi, nilibaki na nakala ya majaribio. Sijapata sauti safi kama..."

"Ungeniuliza!" Akaondoka.

Ujumbe ulifuata: *Nimeifuta. Sina cha kujitetea.* Hakujibu.

Wiki saba zikapita. Alikata vitambaa simu ikiwa kando ya mkasi. Ikilia, moyo unaruka. Kumbe mtu anaulizia suruali yake. Alimkumbuka Sikio hadi hamu ya chakula ikamwisha, na bado hasira haikumtoka.

Asubuhi moja kompyuta ilijisasisha, mipangilio ikarudi ya zamani, mama akafunikwa tena. Mshonaji akakaa mbele ya skrini, akaikumbuka mikono ya Sikio, akarekebisha hatua moja baada ya nyingine. Pumzi ikarudi. Akageuka amwambie mtu, chumba kitupu.

Akapiga simu. "Fundi, njoo uitazame kompyuta."

Sikio alifika anahema, shati amelifunga vifungo kwenye matundu yasiyo yake. Akavaa hedifoni, akasikiliza.

"Mbona iko sawa?"

"Nimeirekebisha mwenyewe."

"Sasa umeniitia nini?"

"Kukugombeza. Kwenye simu haitoshi."

"Nigombeze. Nilikosa, na nilijua ninakosa."

"Sitamaliza leo."

"Nitakuja kesho."

"Hata kesho haitoshi," alisema Mshonaji.

"Basi nikuoe, unigombeze polepole."

Mshonaji alisogea. Akaanza kumfungua vifungo na kuvirudisha kimoja kimoja kwenye matundu yake, mpaka akafika cha juu.

"Baba yuko nyumbani Jumapili," alisema. "Uje umwambie."