Jina Lililosomwa Chini ya Mwamba

Waliokuwepo uwanjani asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 1961, siku ya mwaka mpya wa Kibengali, ni hawa: Bhabatosh Sanyal, mwenyekiti wa klabu yetu ya Jalangi Sporting, Shashadhar Chakrabarti, kuhani, Yakub Mondal, mtunza uwanja, Tushar Moitra, golikipa mpya, mtoto wa dada yangu, na mimi, Nirupam Lahiri, katibu. Ngao ya Hemangini, tuzo pekee tuliyowahi kutwaa, tuliiegemeza kwenye mlingoti wa goli. Mpira haukuwepo. Kwa desturi hautolewi mpaka ibada iishe.

Kila mwaka mpya goli hufanyiwa ibada. Mwamba hupakwa rangi nyekundu na kuvishwa maua, kisha kuhani husoma jina la golikipa, naye hushika mwamba na kuitika. Tangu hapo goli ni lake, na chochote kitakachokuja golini ni chake.

Kibati cha fedha cha mwaka 1937, kwenye ile ngao, kilichongwa: "Penalti iliokolewa na B. Sanyal." Si kweli. Aliyeiokoa ni Anadi Pramanik, mtoto wa kinyozi. Aliizuia kwa mbavu za kushoto, mpira umelowa mvua, mzito kama jiwe, na baada ya siku tatu akafa. Sanyal alikuwa golikipa wa akiba. Hakuvua hata viatu, na enzi hizo tulicheza miguu mitupu. Lakini mwenyekiti wakati huo alikuwa baba yake, na barua ya kwenda kwa mchongaji niliiandika mimi. Niliambiwa andika, nikaandika.

Mwaka 1949 golikipa wetu Dilip Kundu alivunjika ubavu wa kushoto akiwa peke yake golini, mpira uko upande wa pili wa uwanja. Mwaka 1956, Subodh Nag, vivyo hivyo. Subodh hakuinuka tena.

Sasa ilikuwa zamu ya Tushar.

"Kaka," dada yangu aliniambia alfajiri ile, "mwanangu akirudi kabebwa, kwangu usikanyage tena."

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kuhani sikuandika jina la Tushar. Niliandika Anadi Pramanik. Nilidhani akipewa goli lake atatulia.

Sanyal aliichukua karatasi mkononi mwa kuhani, akaisoma.

"Nirupam, umeanza kulewa asubuhi? Huyu si yule mtoto wa kinyozi?"

"Goli ni lake, Kaka Bhabatosh," nilinong'ona.

"Lake! Basi na ngao mpelekee, ajitazamie akinyoa ndevu." Alicheka, akamkonyeza Tushar. "Wewe dogo, kaa pembeni. Leo golikipa ni mimi. Watu wakumbuke nani aliokoa ile penalti."

Akatoa kalamu. Akalikata jina. Akaandika lake.

Yakub alinivuta mkono wa shati. "Bwana Katibu, mzuie."

Nilimtazama Tushar. Alikuwa amesimama nje ya mstari, mzima. Sikumzuia mtu.

Kuhani akasoma. Sanyal akanyoosha mikono, akashika mwamba.

"Nipo," akaitika.

Upepo ulikata. Kunguru wakanyamaza. Mbele yetu, penye alama ya penalti, vumbi liliruka. Hapakuwa na mtu. Kisha sauti. Kila aliyecheza mpira anaijua: mguu mtupu ukipiga ngozi iliyolowa.

Sanyal alijikunja. Hakuanguka. Alibaki ananing'inia mwambani kwa vidole.

"Nani kanipiga?" aliuliza taratibu.

Shati lake, upande wa kushoto, lilikuwa limelowa matope. Mvua haikuwa imenyesha tangu Februari.

Tushar alirudi kwa mama yake kwa miguu yake mwenyewe. Sanyal tulimbeba. Daktari alipomvua shati aliniuliza nani aliyempiga mpira kwa karibu vile. Alama ya kamba za kufungia mpira ilikuwa imejichora ngozini, mishono sita, niliihesabu. Mipira ya namna hiyo tuliacha kuinunua zamani.

Jumatatu nilikibandua kile kibati, nikakipeleka kwa mchongaji mjini Krishnanagar, nikitaka jina lifutwe. Alikitazama kwa lenzi muda mrefu. Akakipitishia kidole. Akanirudishia.

"Bwana, nifute nini?" alisema. "Hiki hakijawahi kuchongwa."

Bhabatosh Sanyal alifariki Jumanne, tarehe 18 Aprili, saa nne asubuhi.