Kibao cha Mzee Chapa

Saa mbili asubuhi fundi wa mikoba alikuwa tayari kazini. Alikata ngozi, akapaka gundi, akasubiri ishike kidogo, kisha akaanza kukanyaga cherehani. Nyuma yake baba yake alikuwa anatembea. Alitoka dirishani akaenda jikoni. Akatoka jikoni akaenda mlangoni. Kisha akarudi dirishani.

"Baba, kaa kidogo," alisema fundi bila kugeuka.

"Nimekaa sana."

"Lini?"

"Jana."

Majirani walimwita mzee huyo Mzee Chapa. Kwa miaka thelathini na minne alipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Alikula akisoma. Alisubiri kinyozi akisoma. Sasa macho yake yalikuwa yamechoka. Miwani ilibadilishwa mara tatu, lakini herufi za vitabu vyake zilibaki kama mchanga uliomwagika. Mtu aliyesoma maisha yake yote alikuwa hana cha kufanya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Basi alitembea.

Alitembea nyumbani, na ilipofika saa nne alitoka nje. Alitafuta mabango, matangazo ya ukutani, chochote chenye herufi kubwa. Siku ya Jumatatu muuza magazeti alimrudisha akiwa amemshika mkono.

"Fundi, mchunge mzee," alisema. "Nimemkuta amesimama katikati ya barabara. Magari yanapiga honi, yeye anasoma tangazo lililobandikwa kwenye lori."

"Lilikuwa tangazo la rangi za nyumba," alisema Mzee Chapa. "Limepangwa vibaya."

Habari ilimfikia kaka yake fundi kabla ya jioni. Akapiga simu.

"Dada yangu, hilo jambo la barabarani nimelisikia. Jumamosi nakuja kumchukua."

"Kumchukua umpeleke wapi?"

"Kwangu. Kwangu kuna geti, na kuna mtu wa kulifunga. Wewe una kazi, huwezi kushona na kumfukuzia mzee barabarani."

Fundi alitaka kubishana, lakini kaka alikuwa amekwisha kukata simu. Tangu mama yao afariki, alikuwa ameishi na baba yake miaka saba. Alizijua hatua zake, kikohozi chake na hasira zake za asubuhi. Nyumba bila mzee huyo hakuweza hata kuiwaza. Na alijua kitu kingine. Geti lingemzuia baba yake asitoke, lakini lisingemfanya atulie. Angetembea tu ndani ya geti.

Usiku huo alikumbuka kile kifaa cha kusomea vitabu. Kaka yake alikileta miezi miwili nyuma. Kilikuwa chembamba, chepesi, kama kibao cha kuandikia cha mtoto wa shule. Vitabu vinaingia ndani kwa njia ya mtandao, na msomaji anaweza kukuza herufi anavyotaka. Wao walikiita kibao tu. Tatizo ni kwamba ndani hakikuwa na kitabu hata kimoja, na fundi alipoviangalia vitabu vya kununua aliona bei zake akakirudisha kabatini.

Jumanne asubuhi akakitoa. Katika simu yake, kwenye kundi la wauzaji, kulikuwa na tangazo: VITABU ELFU TATU KWA BEI YA MKATE MMOJA! LEO TU!

Akalipa hapo hapo. Kazi ya kuviingiza vitabu kwenye kibao ilimchukua nusu ya siku, na mkoba wa mteja ukalala mezani bila mkanda.

"Baba, njoo! Vitabu elfu tatu!"

Mzee Chapa alikuja kwa mbio zilizozidi umri wake. Akakaa. Akafungua kimoja. Akakunja uso.

"Kuza herufi," alisema.

Fundi akakuza. Ukurasa mzima ukavimba, nusu ya kila mstari ikatoka nje ya kioo. Ili kusoma mstari mmoja ilibidi kuusukuma kwa kidole kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.

"Jaribu kingine."

Kingine kilikuwa vilevile. Cha tatu kilikuwa na kivuli cha kidole gumba cha mtu pembeni ya ukurasa. Cha nne kilianzia ukurasa wa tisa.

"Mwanangu," alisema Mzee Chapa polepole, "hivi si vitabu. Hizi ni picha za vitabu. Mtu kaandika, mtu kapanga, mtu kachapa. Huyu kapiga picha tu, akauza."

Akasimama. Akaanza tena safari yake ya dirishani na jikoni.

Fundi hakulala vizuri. Jumatano alijiambia kwamba angalau baba akishike kibao vizuri, pengine atakizoea. Yeye ni fundi, na kava la dukani lina bei. Kwa nini asishone lake? Alichagua ngozi laini ya kahawia. Akaweka sponji nyembamba ndani. Kwenye mfuniko akaweka vifungo viwili vya sumaku, vile vikubwa, kama anavyoweka kwenye mikoba yake yote. Wateja walimsifu kwa vifungo hivyo. Ukifunga mkoba wake, umefungika.

Kava lilipendeza. Mzee Chapa alilipapasa kwa vidole vyake vyenye ujuzi, akakubali kwa kichwa. Akafungua mfuniko, akaukunja nyuma, akakiweka kibao magotini.

Kibao kikazima.

Fundi akabonyeza kitufe. Kikawaka, kikazima. Akakichaji saa nzima. Kikawaka, mzee akakunja mfuniko, kikazima.

"Kimekufa," alisema Mzee Chapa.

"Hakijafa, baba."

"Kimekufa, usinifariji. Mpigie kaka yako umwambie nguo zangu chache tu, sanduku moja linatosha."

Aliyasema kwa utulivu, na utulivu huo ulimtisha fundi kuliko kutembea kwake kote.

Alhamisi mchana jirani wa ghorofa ya juu aliteremka kuchukua mkoba wake. Alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji, mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kunong'ona hata akiwa sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usikae, hapa kuna msiba. Kibao kimekufa."

"Poleni! Marehemu yuko wapi?"

Fundi hakucheka. Alimsimulia yote: barabara, kaka, vitabu elfu tatu, kava, Jumamosi. Alipofika kwenye Jumamosi mkutubi akaacha utani. Akavuta kigoda.

"Tuanze na marehemu," alisema. "Kikiwa nje ya kava kinawaka?"

"Sijajaribu."

Mkutubi akakitoa kwenye kava, akakiwasha. Dakika ikapita, kikabaki kinawaka. Kisha akachukua kava, akakisogeza kifungo kimoja karibu na ukingo wa kibao. Giza.

Fundi na baba yake wakatazamana.

"Hiki ni kifungo gani, fundi?"

"Cha sumaku. Naweka kwenye mikoba yote."

"Basi ndiye muuaji. Vibao vingi vina kitu ndani kinachohisi sumaku. Makava yake ya dukani huwa na sumaku ndogo, mahali pake maalumu. Ukifunga kava, kibao kinalala ili chaji isiishe. Ukifungua kinaamka. Wewe umeweka sumaku za mkoba, tena upande ambao mzee akikunja mfuniko zinagusa palepale. Kila akitaka kusoma, kava linakiambia: lala."

"Kwa hiyo kazi yangu nzuri ndiyo..." Fundi alijishika kichwa.

"Ndiyo imezidi uzuri. Toa vifungo, weka mkanda wa mpira. Na nyuma shona kitanzi cha kupitisha vidole, mzee akishike bila kukibana. Hicho dukani wanakiuza ghali, na wewe una mabaki ya ngozi tele."

"Na chaja maalumu? Na taa ya kubana kwenye kibao? Nimeviona vinauzwa."

"Kibao hiki kina taa yake ndani. Angalia, naipunguza, naiongeza. Chaja ya simu yako ya kawaida inatosha. Usinunue kitu kwa sababu kimeandikwa kwamba ni cha kibao. Kwanza tumia wiki moja, ujue mzee anakosa nini. Kama mikono inachoka, kiegemeo cha kukisimamisha mezani kitafaa. Kama haichoki, hela yako ibaki mfukoni."

Mzee Chapa alikuwa ameacha kutembea. "Sawa, kimefufuka," alisema. "Lakini ndani yake kuna takataka."

"Takataka tunafuta. Fundi, pole, ulipigwa changa la macho. Kabla ya kulipa tafuta jina la mchapishaji. Halafu fungua sura ya mfano. Maduka ya kweli hukupa kurasa za mwanzo bure. Kuza herufi hapo hapo. Mistari ikijipanga upya ndani ya kioo, hicho ni kitabu. Ikitoka nje, ni picha. Na hakikisha ni aina ya faili ambayo kibao chenu kinafungua, maana si kila kibao kinasoma kila faili."

"Lakini vya kweli ni bei mbaya," alisema fundi.

"Si vyote, na si siku zote. Mzee, wewe ni mwanachama wa maktaba?"

"Nilikuwa. Niliacha macho yalipoacha."

"Siku hizi tunaazimisha vitabu vya kielektroniki. Bure. Unakaa nacho siku kumi na nne, kisha kinajirudisha chenyewe, hata kukutoza faini hatuwezi."

"Kinajirudisha!" Mzee Chapa alisema kwa mshangao wa kweli.

"Tena vipo vitabu vya zamani ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha. Hivyo ni bure kwa halali, kuna tovuti zinazovipanga vizuri. Kwa kipya unachokitamani, usinunue siku unapokiona. Kiweke kwenye orodha yako dukani, waombe wakujulishe bei ikishuka. Wachapishaji hupunguza bei mara kwa mara. Mimi nilisubiri kitabu kimoja miezi mitatu, nikakipata kwa robo ya bei."

"Miezi mitatu!" alisema mzee. "Mimi nina mpaka Jumamosi."

Mkutubi akaitazama saa yake.

"Maktaba inafungwa saa kumi na moja," alisema. "Vaa viatu, mzee wangu. Na fundi, usimpe mtu yeyote namba ya siri ya kadi ya maktaba mtakayopewa, hata akijiita mimi."

Wakaenda wote watatu. Fundi aliiacha cherehani ikiwa na kazi chini ya sindano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Waliporudi, kibao kilikuwa na vitabu viwili vya kuazima na vitano vya zamani vya bure. Jioni ile ile alifumua vifungo vya sumaku na kushona mkanda wa mpira. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akajichoma sindano mara mbili.

Mzee Chapa akakaa. Akakuza herufi mara moja, mara mbili, mara tano. Mstari mmoja ukabaki na maneno manne. Mistari ikajipanga, haikutoka nje. Fundi aliogopa kugeuka.

"Kulikuwa na mwanamke mlinda reli," baba yake akasema ghafla, kwa sauti. Akaendelea. Alikuwa anasoma. Alikisomea chumba kizima, kama zamani kiwandani walipokuwa wakisomeana ili kusahihisha. Mwanamke wa hadithi alitoka kituoni asubuhi moja bila kuaga, taa yake akaiacha inawaka. Fundi alikanyaga cherehani taratibu ili asipitwe na neno. Siku ya Ijumaa ilipofika saa nne, mzee hakutoka. Ilipofika saa saba alitoka, akasimama mlangoni, akarudi. "Nimeacha mtu njiani," alisema, akachukua kibao.

Jumamosi kaka alifika mapema, ufunguo wa gari mkononi. Hakukaa.

"Baba, sanduku liko wapi?"

"Ngoja nimalize sura."

Fundi akamweleza kaka yake kila kitu, kwa haraka, maneno yakigongana. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu.

"Basi ni vizuri zaidi! Maktaba ya mtandao inafika hata kwangu. Atasoma kwangu, na geti lipo."

Fundi hakuwa ameliwaza hilo. Alikuwa amehangaika wiki nzima, kumbe ameifanya safari ya baba yake iwe rahisi.

Mzee Chapa alishusha kibao.

"Kusoma nitasoma popote," alisema. "Kwako mchana kuna nani?"

"Mimi niko kazini. Mke wangu yuko kazini. Kuna mtu wa geti."

"Nimsomee mtu wa geti?"

"Baba..."

"Sikiliza. Dada yako mikono yake ina kazi kutwa, masikio yake hayana. Mimi mikono yangu haina kazi, nina sauti. Hapa tunafaana. Nikitaka kutoka nitamwambia, na barabara nitavuka na mtu. Hilo nakuahidi mbele yake. Hofu yako naielewa, mwanangu. Lakini siondoki."

Kaka alimtazama dada yake. Fundi aliinamisha kichwa juu ya ngozi, machozi yakimfanya asione mshono.

Mzee akainua kibao, akaendelea pale alipoachia. Mwanamke mlinda reli alikuwa amefika mji mwingine. Mtu alimtambua. Kaka akasema anakwenda, akaaga, akafika mlangoni. Ufunguo ulicheza cheza kidoleni mwake. Akasimama.

"Huyo aliyemtambua ni nani?" akauliza.

"Sijafika hapo," alisema Mzee Chapa.

Fundi, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika ngozi, alikisukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu na mlango.