Wimbo wa Jikoni

Jumatatu saa tatu asubuhi, siku kumi na moja baada ya kumzika mkewe, fundi cherehani aligundua kwamba wimbo wa marehemu umefutwa kwenye kompyuta yake. Akampigia simu binti wa kaka yake, mpelelezi wa polisi. Alisema kama mtu aliyepoteza kifungo.

Mpelelezi alifika, akafungua huduma ya muziki mtandaoni.

"Mbona upo, baba mdogo. Sikiliza."

Sauti moja ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Siyo huu. Wetu aliurekodi jikoni, mimi nashona chumba cha pili. Cherehani inasikika. Na mdogo wake anamwitikia kwa chini."

Mpelelezi alipitia orodha. Huduma ile ilikuwa imekagua nyimbo zote za fundi. Wimbo uliokuwemo tayari kwenye ghala lake, ilimpa nakala ya ghalani. Usiokuwemo, ilihifadhi wa kwake ulivyo. Kwenye wimbo wa jikoni iliandikwa: *umelinganishwa*.

"Wimbo usiowahi kutoka humu ndani umefikaje ghalani?"

 Fundi alikuwa akipiga pasi mguu uleule wa suruali tangu asubuhi.

Ghalani wimbo ulikuwa na miezi miwili, mwimbaji kajiita jina la kubuni. Katika ukoo, mwenye studio alikuwa mkwe wa fundi tu, mume wa bintiye; mpelelezi akamwendea.

"Niliusafisha mimi," mkwe alikiri saa sita mchana, bila kuzungushwa. "Sauti ya pili nikaififiza. Mama mdogo ndiye aliyeniletea, akasema mama karidhia. Lakini kufuta wa baba? Hapana, sikugusa."

Kumbukumbu za kompyuta zilimtetea. Faili lilifutwa Alhamisi ya maziko, saa kumi na dakika kumi. Saa hiyo mkwe alikuwa makaburini, koleo mkononi, mpelelezi akimwona kwa macho yake. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu, aliyesemekana kazirai.

Saa kumi na moja jioni, shemeji wa fundi, yule mdogo wa marehemu, aliitwa jikoni. Mkwe naye alikuwepo.

"Mama mdogo, ulizirai kweli?" mpelelezi aliuliza.

"Nililala tu."

"Saa kumi na dakika kumi ulikuwa macho. Hakukuwa na mwingine."

Shemeji alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Sauti ya juu ni yangu," alisema. "Tulifanana sauti. Siku ile tulipourekodi, shemeji ulitoka chumbani ukamsifu dada, akanyamaza. Akaniomba na mimi ninyamaze. Miaka kumi na tisa mnaucheza, mnamsifu yeye. Nikautoa uwe wangu. Alipofariki nikaogopa: mkilinganisha mtasema nimemwibia marehemu. Nani angeniamini?"

Mpelelezi alimgeukia fundi. "Nifungue jalada?"

Fundi alikuwa akimtazama shemejiye.

"Kwa hiyo ya chini ndiyo yake?"

"Ndiyo."

"Hiyo sijawahi kuisikiliza."

Mkwe alikuwa bado na nakala ile aliyoletewa. Akafungua kompyuta yake, akaipunguza sauti ya juu hadi ikawa mnong'ono. Cherehani ikasikika. Kisha sauti nzito kidogo, yenye woga, ikiingia baada ya kila mstari.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika.

"Anachelewa," alisema.

"Kila mara," shemeji alijibu, akilia. "Nilikuwa namsubiri."

Fundi alivuta kiti karibu.

"Rudia," alisema.