Mume Wangu Alinikana Mbele ya Polisi kwa Sababu ya Injini ya Mzee Duncan

“Ni huyu! Ni yeye peke yake anayejua namba za kufungulia gereji!”

Hayo niliyasikia mlangoni kwangu, Brooklyn Park, huku ughaibuni, Jumamosi asubuhi, nikiwa na kilemba cha kulalia kichwani na mwiko wa uji mkononi.

Aliyekuwa ananinyooshea kidole ni Stacy, binti wa mzee ninayemhudumia. Nyuma yake walikuwa polisi wawili! Kiingereza chao nawatafsiria, msijali.

“Injini ya baba yangu iko wapi?”

“Kwani haiko gereji, Stacy?”

“Usinichezee akili! Nimeingia gereji, haipo!”

Polisi wa kike akaniuliza kwa upole ule wao unaotisha kuliko kelele.

“Mama, kuna mtu mwingine uliyempa zile namba?”

Nikageuka taratibu... nikamtazama mume wangu.

Muriuki ndiye niliyempa namba. Ndiye aliyeingia gereji ile. Nikasubiri aseme.

Akakohoa. Akaingiza mikono mfukoni.

“Officer, mimi sijui kitu. Hiyo ni job yake. Ask my wife.”

ASK MY WIFE!

Ndugu zangu! Mwanaume niliyemnunulia koti lake la kwanza la baridi!

Polisi hawakunifunga pingu siku hiyo. Waliniambia nisitoke nje ya jimbo, wakaondoka na Stacy akilia. Ngoja niwaeleze injini yenyewe ni ipi, maana si ya gari la kawaida.

Naitwa Nkatha. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mzee Duncan anaishi Apple Valley, na kichwa chake kimeanza kupotea. Leo ananijua, kesho ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Lakini injini yake hakuwahi kuisahau.

Enzi za ujana wake kule Detroit, watu walikuwa na wazimu wa magari ya milango miwili yenye mngurumo wa kuamsha mtaa, yale wenyewe wanaita muscle car. Kampuni zilishindana kwa siri. Zilitengeneza injini za majaribio, chache sana, ambazo hazikuwahi kufika dukani.

Mzee alikuwa anatuambia yeye ndiye mhandisi aliyeichora moja ya hizo. Ya aluminiamu, pana, yenye nguvu za kutisha. Kisha sheria za moshi zikaja, wakubwa wakaogopa, ikatoka amri zote zipondwe.

“Moja niliiokoa,” alikuwa anasema, akiipapasa juu ya blanketi lililoifunika.

Juu yake kulikuwa na alama za kalamu ya njano walizoandika mafundi wa wakati ule. Stacy alinikataza hata kuipangusa vumbi, eti alama hizo ndizo ushahidi kuwa ni ya kweli. Alikuwa ameshapata mnunuzi. Hela hiyo ndiyo ingemtunza baba yake mpaka mwisho, kwa hiyo kilio chake pale mlangoni kilikuwa cha haki.

Sasa nyumba ya mzee ilikuwa inauzwa, na Stacy akaniambia nichukue vitu vyote vya ukuta wa kushoto wa gereji. Friji, baiskeli, jiko. Na nyinyi mnajijua! Mkenya wa hapa akiambiwa “chukua”, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni kontena la meli la kwenda Mombasa.

Kanisani kwetu tunalijaza pamoja, kila mtu na mzigo wake. Eliezer, shemasi wetu, ndiye anayepanga. Nikamtuma Muriuki na Eliezer wakabebe friji.

Ukuta wa kushoto, nilimwambia. WA KUSHOTO!

Basi Jumamosi ile, polisi walipoondoka, nikafunga mlango nikamgeukia Muriuki.

“Muriuki, uliibeba?”

Akajifanya anafunga kamba za viatu.

“Nakuuliza, uliibeba?”

“Babe, nisikize. Jotham pickup yake imekufa engine mwaka mzima. Nikaona hiyo imekaa tu huko kwa corner...”

“Ukaamua kumpelekea ndugu yako injini ya makumbusho aweke kwa pickup ya kubebea miraa?!”

“Nilidhani ni takataka! Na yule mzee si hakumbuki hata lunch yake?”

“Basi kwa nini umeniruka mbele ya polisi?”

Hapo akakaa chini, akashika kichwa.

“Wewe uko na citizenship, Nkatha. Wewe hawawezi kukudeport wakurudishe home. Mimi file yangu ya makaratasi bado iko kwa judge. Wakinichukua fingerprints tu, nimeisha.”

“Kwa hiyo mimi nifungwe?”

“Hawawezi kukufunga. Ni engine tu.”

Ni engine tu...

Mnajua maana ya mhudumu kushtakiwa kumwibia mzee mgonjwa? Jela ni nusu yake. Jina lako linaoza jimbo zima. Hakuna mtu atakayekukabidhi mzazi wake tena, na mimi kazi nyingine siijui. Kabla uji haujapoa, simu ikalia. Ni wakala wangu wa kazi. Nimesimamishwa!

Nililia sana, nisiwadanganye. Nililia huku namtukana kwa Kimeru, na mnajua Mmeru akikasirika.

Lakini kumtaja kwa polisi sikuweza. Ningekuwa ninamfungia virago mume wangu kwa mkono wangu. Nikaona njia ni moja tu, injini irudi.

Nikampigia Eliezer.

“Shemasi, ile injini ya Apple Valley iko wapi?”

“Iko ndani ya kontena, sister. Mbele kabisa, ndiyo iliingia kwanza. Kontena imejaa, tumepiga seal mlangoni. Lori inakuja Monday morning.”

“Mungu wangu...”

“Usijali, iko safi. Niliiosha na pressure ya car wash, na sabuni ya grisi. Injini chafu inasumbua kule port, wanaikataa, si unajua? Nikaifunga nailoni na blanketi ikiwa bado na maji maji.”

Ameiosha! Alama zote za njano, kwisha! Na kosa si lake, ndivyo tunavyofanya kwa kila injini inayokwenda nyumbani. Yeye alidhani Muriuki amepewa.

Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Jumapili nilienda kanisani macho yamevimba. Ulipofika wakati wa matangazo, nikaenda mbele nikachukua maikrofoni. Watu wakatabasamu wakidhani natangaza sherehe ya mtoto.

“Wapendwa, kwenye kontena letu kuna kitu cha mwenyewe. Kisiporudi leo, mimi nafungwa. Na kiko mbele kabisa, nyuma ya mizigo yenu yote.”

Kontena lile, pale uani mwa kanisa, lilichukua wiki nzima kupangwa, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sikumtaja Muriuki. Alikuwa benchi la nyuma, anatazama simu.

Wa kwanza kusimama alikuwa rafiki yangu Fiona, mwenye magodoro ya mama yake mle ndani.

“Mimi natoa yangu. Nani mwingine?”

Wakatoka! Kwaya kwa wazee wa kanisa, na nguo zao za ibada. Seal ikakatwa. Magodoro, mapipa, viti vya magurudumu, televisheni, vyote vikashushwa juu ya theluji. Mama mmoja alinisonya kila alipopita na sufuria zake, lakini alibeba. Nikampigia Stacy simu.

“Njoo. Imepatikana.”

Akaja. Na polisi yule wa kike. Na Maurice, mtaalamu wa injini za zamani aliyetumwa na mnunuzi. Hata Mzee Duncan alikuwepo kwenye kiti cha magurudumu, maana mimi nikiwa nimesimamishwa hapakuwa na wa kumwachia.

Wanaume wakaiteremsha injini na winchi, imefungwa vile vile.

Polisi akauliza:

“Nani aliiweka humu?”

Eliezer akamtazama Muriuki. Fiona akamtazama Muriuki. Mimi nilimtazama mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Nikasema moyoni, sema baba, sema sasa, tutapambana wote na huyo hakimu.

“Mambo ya container ni mke wangu alipanga na church,” akasema.

Mara ya pili, ndugu zangu! Mbele ya kanisa zima!

Polisi akatoa pingu. Nikanyoosha mikono. Sikuwa na nguvu ya kubisha tena.

“Ngoja kwanza niangalie kama imeharibika,” Maurice akasema, akachana nailoni.

Akakunja uso.

Akavua glavu moja, akapitisha kidole. Rangi ya fedha ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa! Yale maji ya Eliezer yaliingia ndani, baridi ikayagandisha, kichwa kizima cha injini kikapasuka pasuka. Na chini ya rangi...

MBAO!

Siwatanii. Mbao ya kahawia, inaonekana mpaka mistari yake. Chini kulikuwa na chuma cha injini ya kawaida ya lori. Juu, kila kilichoitwa aluminiamu kilikuwa mti uliochongwa.

Stacy akapiga yowe.

“Wameibadilisha! Wameuza ya baba yangu wakaweka hii!”

Jamani, nilidhani nimefika chini, kumbe kulikuwa na shimo lingine. Sasa sikuwa mwizi tu, nilikuwa mwizi mwenye kundi! Polisi akanishika mkono. Kina mama wakaanza kuomba kwa sauti. Nikamtazama Maurice anitetee, naye akatikisa kichwa.

“Ni sanamu tu,” akasema.

“Mwacheni huyo mwanamke!”

Sauti ilitoka kwenye kiti cha magurudumu. Mzee Duncan alikuwa amejiinua, blanketi limemwanguka.

“Hakuna aliyebadilisha kitu. Ndiyo hiyo hiyo.”

“Baba, umechanganyikiwa,” Stacy akamwambia. “Baba ana ugonjwa wa kusahau,” akamwambia polisi.

“Stacy, fungua kifuniko cha upande wa kushoto. Kwa ndani nimechonga jina la mama yako, na ua kando yake.”

Maurice akafungua kifuniko. Akamulika na simu yake, akainama... akamwita Stacy kwa mkono.

Lilikuwepo. Jina, na ua.

Stacy akaziba mdomo.

“Sikuwa mhandisi,” mzee akasema, na machozi yanamshuka. “Nilikuwa seremala wa kiwanda. Wahandisi walipotaka kujua kama injini itaenea kwenye gari, mimi niliwachongea ya mbao wapime. Zile za kweli walizivunja zote. Hii niliomba, wakanipa. Mama yako aliposema baba yake hawezi kumwoza kwa seremala, nikasema nimeichora mimi... Nikashindwa kurudi nyuma.”

Akamgeukia polisi.

“Kitu ni changu na sina malalamiko. Huyu ananiosha, ananilisha, hajanichukulia hata kijiko. Rudisha hizo pingu.”

Pingu zikarudi mfukoni. Stacy alikaa juu ya godoro la Fiona, akalia mpaka nikamwonea huruma. Mnunuzi alikuwa hayupo tena, na baba aliyemjua naye alikuwa ameondoka. Ila kabla ya kwenda alinishika mkono akasema samahani, na wiki hiyo nikarudishwa kazini.

Nilimpigia mzee magoti pale kwenye theluji. Akanifuta uso na kona ya blanketi lake.

Kwenye maegesho Muriuki alikuwa ameshawasha gari, ananifungulia mlango.

“Umeona? Si imeisha poa? Twende home.”

Nikasimama nje.

“Muriuki, nikuulize kitu kimoja.”

“Nini tena?”

“Kama isingekuwa mbao, ungesema lini?”

Akashika usukani. Akatazama mbele. Nilisubiri hadi vidole vikafa ganzi, na mwanaume yule hakunijibu.

Nikaufunga mlango wa gari lake, nikaenda kupanda la Fiona.

Wengi mtaniambia aliogopa. Najua. Mimi pia naiogopa serikali hii, na uraia ninao. Lakini yule mzee naye aliogopa, tena alikuwa na uongo wa maisha yake yote wa kulinda mbele ya mtoto wake wa pekee, na alipoona pingu akasema. Dada zangu, na nyinyi kaka zangu, msipime mapenzi siku ya harusi wala siku ya mshahara. Tazama nani anafungua mdomo siku ambayo kukutetea kutamgharimu yeye.

Muriuki ananitumia meseji kila asubuhi, “good morning babe.” Swali langu bado hajalijibu.